Sabuni, sitro (limau), majivu: namna ya kuchagua dawa ya asili ya kusafisha nyumba na mbao zetu hapa Goma

Ntaanza na meza yangu, juu ile meza njo ilinifundisha. Ilikuwa meza ya salo ya muvula, ile mbao nzito wenzetu wa pwani wanaitaka mvule, verni yake inaangaza mupaka unajiona sura, na siku moja nikapita mu alimantasio nikanunua chupa ya kijani, picha ya jani mbele, imeandikwa "naturel" na herufi kubwa, harufu ya machungwa. Nikapuliza, nikasugua, nikaenda kutengeneza chai. Kurudia nakuta pale nilipopuliza verni imekuwa laini, inanata ku kidole, na ikikauka inabakia alama nyeupe kama ramani ya ziwa. Sasa njo nikageuza chupa, nyuma kule, maandishi madogo ya kifaransa kama miguu ya sisimizi, inasema isitumiwe ku mbao yenye verni. Nani anasomaka nyuma?

Ndani mulikuwa mafuta ya maganda ya chungwa, inaitwa limonene. Ni ya asili kabisa, hawakunidanganya. Lakini hiyo mafuta ya asili njo ileile watu wanatumiaka kuyeyusha gundi na mafuta mazito ya mashini. Kwa hiyo tangu ile siku, mutu akiniuliza "dada, hii ni ya asili?" mimi namurudishia maswali mbili: uchafu wako ni wa nini, na kitu unataka kusafisha kimetengenezwa na nini. Ukipata majibu ya hizo mbili, chupa ya kununua inajionyesha yenyewe, na mara mingi utakuta haiko chupa, ni kitu ulikuwa nacho ku jikoni.

Tuanze na vumbi juu hapa kwetu vumbi njo adui wa kwanza, na vumbi ya Goma haifanane na vumbi ya Butembo wala ya Kisangani. Sisi tunakaa juu ya lava ya volkano yetu Nyiragongo. Ya 1977, ya 2002 ile ilipita katikati ya muji mupaka ndani ya ziwa, ya 2021 ile ilisimama karibu na muji, yote hiyo imekuwa mawe meusi, magari na mapikipiki na chukudu zinapita juu yake kila siku, inasagika, inakuwa unga mweusi, na huo unga unaingia ata kama umefunga madirisha. Sasa ukichunguza ule unga ni vipande vidogo vidogo vya jiwe gumu, vingine vinafanana na kioo kilichovunjika. Ukikamata torsho (kitambaa cha kupanguza) kavu na kupitisha juu ya meza kwa nguvu, haupanguze, unapiga msasa. Baada ya mwaka moja verni yote imekuwa na mikwaruzo midogo, haiangaze tena, na wewe unasema seremala alikutia verni mbaya.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya asili, na ni ya bure, ni maji kidogo. Torsho ya pamba, ya ti-shati ya zamani ni muzuri kabisa, unalowesha, unakamua mupaka haitoe tone, unaweka juu ya vumbi na unavuta pole pole upande moja, usizungushe. Unageuza upande mwengine wa torsho, unavuta tena. Unaisuza mu basani, unarudilia. Halafu torsho ya pili, kavu, inafuata nyuma ili maji isibakie ku mbao. Ile brosi ya manyoya wanauzaka inapeleka tu vumbi ku kiti cha pembeni, na jioni imerudia ku meza. Chini pia, usifagie kavu, mwagia matone ya maji kwanza ao pitisha rakleti na torsho yenye maji.

Na maji yenyewe, hapa nataka tukae kidogo juu watu hawalifikirieke. Maji ya robine ya Goma inatoka ziwani. Maji ya Kivu iko na chumvi nyingi za mawe, zaidi magneziumu, na iko upande wa kinyume na asidi. Sabuni ya kipande ikikutana na hiyo chumvi haitoe povu muzuri, inatengeneza vitu kama maziwa yaliyoganda, vinabakia ku nguo, ku basani, ku karo (vigae) za duche, yaani unaongeza sabuni, unaongeza sabuni, na unaongeza uchafu. Maji ya mvua haina hiyo chumvi. Jaribu wewe mwenyewe: kamata chupa mbili, moja maji ya ziwa, moja maji ya mvua, tia kipande kidogo kilekile cha sabuni, tikisa. Utaona. Mimi niko na bido mbili za litre 20 za maji ya mvua, haziguswe na mutu, ni za kuosha vioo, mbao na fotei tu. Mvua ikianza kunyesha acha dakika kumi za kwanza zipite juu zinaosha vumbi na moshi wa volkano ku mabati, halafu njo unaweka bido. Hiyo moshi iko na asidi, njo maana mabati zetu zinaota kutu haraka vile. Kwa kuosha meza haina shida, lakini nimesema kuosha, sijasema kunywa.

Sasa sabuni. Watu wanapenda kutafuta vitu vya mbali na kumbe sabuni ya kipande, ile ya mafuta ya mawese, ile ya kufua, bila rangi nyingi, bila pafe nyingi, ni bidhaa ya asili ya kweli kuliko zile chupa za majani. Sabuni ni mafuta na soda kali (hapana ile ya kunywa), basi. Kuna verni, kuna karo, kuna plastiki, kuna fotei za similikwiri (ngozi ya bandia), kuna rangi ya ukuta, zote zinavumilia sabuni nyepesi. Unakuna kipande ku rapu, unatia kijiko moja ya supu ndani ya litre moja ya maji ya mvua ya moto, unakoroga mupaka inayeyuka, unaacha ipoe, unatia mu chupa. Hiyo njo inafanya kazi nusu ya nyumba yangu. Ikiganda asubuhi kama ubuyi, juu Goma inakuwaka baridi, ongeza maji ya moto kidogo. Kama sabuni ni ile yenye inachoma vidole na kuacha ngozi nyeupe, soda imezidi, usiitumie ku mbao, tumia ku pavma (sakafu) na ku choo. Na ku mbao, ata sabuni nyepesi, haiachwe: torsho ya sabuni, torsho ya maji, torsho ya kavu. Tatu.

Kuna mafuta ya jikoni. Ukuta wa nyuma ya mbabula (jiko la makala), mifuniko ya sufuria, mlango wa armwari ya vyombo pale mikono inashika kila siku. Hapo sabuni ya moto inatosha mara mingi, na ikishindwa unakamata bikarbonati, kijiko ndogo juu ya eponji yenye maji, unasugua pole. Bikarbonati inakata mafuta na inakwaruza kidogo sana, kwa hiyo ni nzuri ku sinki, ku frigo ndani, ku chupa ya termos yenye rangi ya chai. Haiko nzuri ku alimini inayoangaza, na haiko nzuri ku mbao nyekundu isiyo na verni, inaifanya iwe nyeusi. Nilishaona kiti cha mbao ya libuyu kimekuwa na mabaka kama mutu mwenye ngozi ya kuungua, mwenyewe alisema "nilitia bikarbonati tu, si ni ya kupika mandazi?" Ndiyo mama, ya kupika mandazi, hapana ya kiti.

Majivu ni dada mukubwa wa bikarbonati. Sisi wote tulikua tunasugua sufuria na majivu ya makala pamoja na muchanga, na bado inafanya kazi, juu ndani ya majivu muko chumvi inayoshika mafuta na kuigeuza kuwa kama sabuni. Lakini majivu ina nguvu kuliko watu wanafikiri. Ukiyaweka ndani ya maji na kuyaacha usiku, yale maji ya juu asubuhi yanateleza ku vidole, hiyo kuteleza ni ngozi yako inaanza kuliwa, vaa ganti. Ku sufuria ya alimini sugua na suuza mara moja, usiloweshe usiku, inakuwa nyeusi na inalika. Chunga pia ni majivu ya nini: ya makala ao ya kuni safi, sawa, ya mbao za shantye zenye rangi, ya plastiki ile wanawashiaka moto, hapana, mwaga.

Halafu masizi. Hii watu wengi wanakosea. Plafo (dari) ya triplex juu ya mbabula imekuwa nyeusi, mutu anakamata eponji ya maji anapanda ku kiti anasugua, na masizi inakuwa wino, inaingia ndani ya mbao, imekwisha. Masizi inatoshwa kavu kwanza, na brosi laini ao na bonge la mkate usio na mafuta (usinicheke, mkate mukavu unashika masizi vizuri), na sabuni inakuja mwisho kabisa.

Tuje ku vitu vikali: vinegri, ile kitabu kinaitaka siki, na sitro. Hizi ni asidi. Kazi yao moja wanaijua kuliko wote ni kutosha ile weupe ya maji ya ziwa, ku robine, ku birika la umeme, ku karo za duche, ku kichwa cha duche pale matundu imeziba. Vinegri nyeupe nusu, maji nusu, unaloweka torsho, unafunga ku robine kama mutoto mwenye homa, dakika 30, unatosha, unasugua na brosi ya meno ya zamani. Ya birika: vinegri na maji, chemsha, acha ipoe, mwaga, chemsha maji safi mara mbili ndani yake na uyamwage, kama sivyo chai ya wageni itakuwa na ladha ya saladi. Vioo pia, vijiko viwili vya supu ndani ya nusu litre ya maji ya mvua na karatasi ya gazeti, lakini osha vumbi na maji mingi kwanza, nimeshasema juu ya ile jiwe.

Na sambaza! Ukikaanga sambaza siku ya ijumaa na jumapili nyumba bado inanuka, hiyo harufu ya samaki iko upande wa kinyume na asidi, kwa hiyo asidi inaiua kweli, haiifiche. Kipande cha sitro ku ubao wa kukatia, ku mikono, ku meza ya jikoni isiyo na verni, unaacha dakika tano, unasuza. Pafe ya kupuliza inafanya tu unuke samaki na maua.

Mahali asidi haipite: pavma ya sima (simenti), ile nyekundu tunapakaa nta, inalika inakuwa na matundu. Sima katikati ya karo, hivyo hivyo, kwa hiyo ku duche usiache vinegri ilale, dakika chache na maji mingi nyuma yake. Marmo (marumaru), hapana kabisa. Mawe yetu meusi ya lava ya ku ukuta yenyewe inavumilia, lakini sima iliyoyashika haivumilie. Na mbao yenye verni, sitro safi hapana.

Kutu ile inadondoka kutoka ku mabati na kuacha mistari ya rangi ya chai ku pazia ao ku nguo nyeupe: sitro na chumvi ya jikoni, unaweka juu, unaanika ku jua, unasuza, unarudilia. Na kwa kuwa nimetaja jua, doa ya mawese ku nappe (kitambaa cha meza) usiipigane nayo na kemikali. Osha na sabuni ya moto ili mafuta itoke, ile wekundu itabakia, usiogope, anika ku jua kali siku moja ao mbili, jua inakula hiyo rangi yenyewe. Mama mukwe wangu alikuwa anafanya vile, mimi nikafikiri ni hadisi, mupaka nikajaribu.

Sasa kuna ile resepi ya kila mahali, changanya vinegri na bikarbonati, inatoka povu kama Nyiragongo imefunguka, watu wanapiga makofi. Povu ni hewa tu. Moja ni asidi, ingine ni kinyume, zinauana, na mu chupa inabakia maji yenye chumvi kidogo isiyo na kazi kubwa. Kama unamwaga mu shimo la lavabo lililoziba kidogo, ile povu inaweza kusukuma uchafu, sawa. Lakini kutengeneza chupa ya hiyo na kuiweka ku etajeri, umetupa franga. Tumia moja, suza, halafu ingine.

Mbao yenyewe, kuilisha. Meza, armwari, vitanda, viti vya libuyu, milango. Watu hapa wanapakaa mafuta ya kupika, inaangaza siku mbili, siku ya tatu vumbi ya lava inakamata pale, siku ya kumi uko na tope juu ya meza na harufu ya mafuta iliyooza. Wengine wanapakaa petroli ao mazutu, hiyo sitaki ata kuisikia, nyumba zetu ni za mbao, mbabula iko ndani, tunajua vile kartye inaungua mu saa moja.

Dawa ya kweli ni nta ya nyuki. Asali inashuka kila wakati kutoka Masisi na kwengine, na wale wanauza asali ya kienyeji wako na nta, mara mingi wanaitupa ao wanakuuzia bei ya chini juu hakuna mutu anaiombaka. Inakuwa na uchafu na miguu ya nyuki, unaiyeyusha ndani ya maji ya moto, unachuja na kitambaa, unaacha ipoe, inapanda juu kama sahani ya njano. Halafu kipimo moja ya nta, vipimo vine vya mafuta. Mafuta gani? Ile inakauka yenyewe ku hewa njo nzuri, mafuta ya leni (mbegu za kitani) ile wanauza kwa maseremala. Mafuta ya zeituni inafanya pia lakini haikaukeke, kwa hiyo tia kidogo sana. Mawese hapana, inatia rangi. Unaweka kikopo chenye nta na mafuta ndani ya sufuria yenye maji, moto mudogo, usiweke kikopo moja kwa moja juu ya makala, nta inawaka. Ikiyeyuka yote unamwaga mu boite, inaganda kama pomade.

Unapakaa namna gani: meza imeoshwa, imekauka kabisa, ikiwezekana tangu jana. Kiasi cha pomade kama punje ya haragi kwa upande moja wa kiti. Unasugua kufuata mistari ya mbao. Unangoja dakika 20, unapanguza na torsho kavu mupaka mukono inateleza. Mara mbili ao tatu kwa mwaka inatosha, na ni kwa mbao isiyo na verni nzito. Ile yenye verni ya plastiki nta inabakia juu tu, hapo sabuni nyepesi na torsho kavu ni yote unahitaji.

Na torsho ulizopakaa mafuta ya leni, tafazali sana, usizikunje na kuzitupa mu kona. Ile mafuta ikikauka inatoa joto, na torsho zikiwa zimerundikana joto inakosa njia, zinaweza kuwaka moto zenyewe usiku bila mutu kuzigusa. Zitandike moja moja inje ku kamba ao ku jiwe mupaka zikauke ngumu kama karto, ao zitie ndani ya maji. Hii si hadisi ya kutisha watoto.

Fotei za kitambaa: piga kwanza inje na fimbo, vumbi itoke, halafu bikarbonati kavu unanyunyizia kama chumvi, unaacha saa tatu mupaka jioni, unapiga brosi. Inakunywa harufu, ya mutoto aliyekojoa, ya sigara, ya moshi. Doa unalishughulikia na maji ya sabuni kidogo, povu tu, hapana maji, juu musi (ile sponji ya ndani) ikilowa hapa na ile baridi haikauke, inaota kuvu. Similikwiri ni sabuni nyepesi basi, javeli (ile maji ya klorini) na alkoli vinaipasua inaanza kuanguka maganda. Na kila dawa mupya, ya asili ao si ya asili, jaribu kwanza chini ya kiti, pale mugeni haonake, ngoja mupaka kesho.

Kunguni ndani ya kitanda. Hapa Kivu tuko na pareto yetu, lile ua jeupe lenye moyo wa njano lililimwa tangu zamani ku milima ya volkano, upande wetu na upande wa Musanze, Rwanda. Unga wake unaua wadudu kweli, na jua inauvunja haraka kwa hiyo hautie mu dirisha. Lakini asili haina maana ya upole: pareto inaua samaki, kwa hiyo usimwage maji yake mu mufereji unaoshuka ziwani, na paka asilale pale. Kabla ya unga anza na maji ya moto yanayochemka mu maungio ya kitanda, kunguni na mayai yake hawavumilie moto, na nguo za kitanda zifue moto. Majani ya kalatusi na sitroneli chini ya matela yananuka muzuri, kunguni wanazoea. Na ile mafuta ya kalatusi ya mu kachupa, fungia mbali na watoto, kunywa kidogo tu inampeleka mutoto hospitali.

Nimefika ku javeli, najua wengine mulikuwa munaingoja. Kuna watu wakianza mambo ya asili wanatupa javeli mu choo na kusema sitaki tena kemikali mu nyumba yangu. Sisi tuko Goma. 1994 kolera iliua hapa watu maelfu, na haijawahi kuondoka kabisa pembeni ya hili ziwa. Vinegri, sitro, bikarbonati, kalatusi, hakuna hata moja ya kutegemea siku mutu anahara mu nyumba. Siku hiyo ni klorini. Kama etiketi inasema 5%, kipimo moja ndani ya vipimo 24 vya maji inakupa 0.2%, hiyo ya pavma, choo, mandoo, mishikio ya milango, osha uchafu na sabuni kwanza juu uchafu unakula klorini, halafu mwagia na uache dakika 10. Mikono ni sabuni na maji. Ile uliyochanganya ni ya leo, kesho nguvu imepungua, na chupa isikae ku jua. Siku za kawaida mimi naitumia ku choo tu, kidogo.

Na usiichanganye kamwe na vinegri, na sitro, na ile dawa ya choo yenye asidi. Inatoka gazi ya klorini. Mimi nilifanya hivyo mu duche, mlango umefungwa, nikasema nguvu mbili ni bora kuliko moja, nikatoka pale nakohoa machozi yanashuka, kifua kiliniuma siku mbili. Ata choo chenye mikojo mingi, mwaga maji kwanza kabla ya javeli, juu mikojo nayo inatoa gazi yake.

Ukienda kununua sasa. Maneno "naturel", "bio", "éco" mbele ya chupa hayakuambie kitu, mutu yeyote mwenye mashini ya kuchapisha etiketi anaweza kuyaandika, na rangi ya kijani pia. Geuza chupa. Kama hakuna orodha ya vitu vilivyo ndani, rudisha ku etajeri. Zile zinatoka Ulaya zinaandikaka asilimia za sabuni kwa makundi, chini ya 5%, 5 mupaka 15, 15 mupaka 30. Chini ya 5 ina maana sabuni ni kidogo, juu ya 15 ni nyingi. Ua dogo la Ecolabel ya Ulaya ao alama ya Ecocert ina maana mutu mwengine amechunguza, lakini angalia kama imechapishwa vizuri, si sticker juu ya sticker. Kisanduku chenye ukingo mwekundu na picha ya mukono unaoliwa ina maana inachoma ngozi, ata kama pembeni kuna jani. Pafe ikiwa kali mupaka inakuumiza kichwa ukiwa bado mu duka, mu nyumba yenye dirisha moja itakuwa namna gani? Na zile chupa za maji ya kunywa wanajazia dawa ku barabara, bila etiketi, za rangi kama juisi, mimi siziingize mu nyumba yenye mutoto, bei iwe yoyote.

Zile unatengeneza wewe, andika ku chupa na marker: ni nini, na tarehe. Sabuni ya maji juma mbili. Vinegri na maji haiozeke. Ile ya nta inakaa mwaka mbali na joto, na siku ukipakaa kisha mukono bado inanata ku meza, ujue ulitia nyingi: pasha torsho joto kidogo juu ya birika, panguza tena mupaka iteleze.